Kuku Mmoja Aliyegeuka Mia Nne na Kumi na Wawili

Kadijah Tahiru,
Mpishi wa harusi na msuka makawa ya kufunikia chakula,
Koboko.

Kwa Ndugu Candia,
Mchambuzi Mkuu wa Data,
Ofisi ya Utafiti wa Lishe, Arua.

Nakala: Mwenyekiti Yengi wa mtaa wetu, na kompyuta yenyewe, isomewe na yeyote aliye karibu nayo.

Ndugu Candia,

Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Arua, wewe na watu wa nyumbani kwako, pamoja na ile mashine unayoiamini kuliko macho yako. Sisi huku Koboko tu wazima, alhamdulillah, ila kuna mambo machache ambayo nimeona heri niyaandike. Siku ya mkutano uliniita nizungumze, na mimi kwa hasira nikaishia kukohoa.

Ili usijisumbue kunikumbuka, mimi ni yule mama wa mtandio wa njano aliyekaa mstari wa pili, karibu na dirisha. Ulikuja mwezi uliopita katika ukumbi wa shule yetu ya msingi kuturudishia majibu ya utafiti wa chakula. Nakushukuru kwa hilo. Wengi huja kuchukua maneno yetu na hatuwaoni tena. Ulitundika shuka jeupe ukutani, mashine ikatupa juu yake ramani ya Koboko, na mtaa wetu ukawa wa kijani. Ukaeleza kwamba kijani ni chakula cha kutosha. Mtaa wa ng'ambo ya kijito ulikuwa mwekundu, na wekundu ni njaa. Kwa hiyo ule uji wa mchana ambao wafadhili walikuwa waulete kwa watoto wa shule, utakwenda shule ya ng'ambo. Yetu haiuhitaji.

Mwenyekiti Yengi akasimama kuuliza umejuaje habari za kila nyumba wakati binti yenu Phiona, aliyetumwa na kibao chake cha kubonyeza, aliingia nyumba chache tu. Ulimjibu kwa upole. Ulisema programu ya takwimu haihitaji kumwuliza kila mtu, kwa sababu kila mama aliyeulizwa hupewa uzito wa mama wengine ambao hawakuulizwa. Halafu ukafungua orodha, ukagusa mstari mmoja kwa fimbo, ukasema kwa Kiswahili chetu: "Huyu mama moja, anapika harusi, anasuka kawa. Kwa kompyuta yeye anasimama kwa mama mia ine na kumi na mbili."

Jina hukulitaja. Ulisema siri ya mtu inalindwa. Lakini, Ndugu Candia, katika mtaa wetu mama anayepika harusi na kusuka makawa ni mmoja tu, na ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Basi malalamiko yangu ni haya:

1. Sikuombwa ruhusa.

Mtu akitaka kuacha mbuzi wake uani kwangu hubisha hodi, tukasalimiana, akaeleza safari yake, nami nikakubali au nikakataa. Nyinyi mmeniachia wanawake mia nne na kumi na mmoja bila hata kunijulisha. Siwajui. Nilianza kuwatafuta siku ile ile kuanzia nyumba ya pili, kwa Filda, rafiki yangu tunayechangia naye ukuta. Nikamwuliza kama yumo ndani yangu. Filda aliacha kutwanga, akanitazama sana, akaniuliza kama nimemeza dawa ya malaria bila kula. Baadaye nilipomfafanulia, alikataa kabisa kuwemo. Alisema yeye ni Mkatoliki, amebatizwa kwa jina lake, na hawezi kuhamishiwa ndani ya mtu mwingine bila padri kujua.

Nilikwenda nyumba nyingine kadhaa na majibu yalikuwa hayo hayo, mengine na matusi kidogo. Kwa hiyo naomba orodha ya hao wanawake. Nikishindwa kuwalisha, angalau niwasalimie.

2. Uzito umenipa mzigo, haki hazikuja.

Nilisema moyoni, haya, kama serikali ya kompyuta imeamua, nitakubali. Mkutano wa mtaa uliofuata ulikuwa wa kuchagua mahali pa kuchimba shimo la taka. Mimi sikutaka lichimbwe nyuma ya jiko langu. Nikanyoosha mkono, Mwenyekiti Yengi akahesabu mkono mmoja. Nikasimama kumkumbusha kwamba kulingana na majibu ya utafiti, aliyoyasikiliza yeye mwenyewe akiwa ameketi meza kuu, mkono huu ni mikono mia nne na kumi na miwili. Watu walicheka mpaka mkutano ukaahirishwa. Shimo limechimbwa nyuma ya jiko langu.

Wiki iliyofuata nilipika harusi ya kule karibu na msikiti. Mpishi hutengewa chakula chake, hiyo ni desturi yetu. Nilipewa sahani moja. Nilipoeleza kwa adabu kwamba tuko wengi, shangazi wa bibi harusi aliniongezea kipande cha kiazi. Unaona mwenyewe hali ilivyo. Kwenye kunyimwa uji mimi ni umati, na kwenye pilau mimi ni Kadijah tu.

3. Mmemharibia mume wangu dini.

Hili nalileta kwa uchungu mkubwa. Mume wangu, Asuman, anafanya kazi mpakani Oraba, kusaidia madereva wa malori kupitisha mizigo kwenda Kaya, ng'ambo ya mpaka. Ni mtu wa swala tano. Dini imemruhusu wake wanne, naye kwa hofu ya Mungu, na kwa kunijua mimi, ametosheka na mmoja. Sasa habari zimefika Oraba kabla hata hajarudi nyumbani. Wenzake wanamwuliza anawalaza wapi, na anagawa vipi siku. Dereva mmoja Msudani alimpa pole kwa moyo wa dhati. Asuman alirudi Ijumaa, akakaa, akakataa chai, akaniuliza kwa sauti ya chini ni mambo gani nimemwambia binti wa Arua.

Nilikwenda kwa sheikh. Sheikh alisikiliza mpaka mwisho, akasema kompyuta haiozeshi. Nimefarijika, lakini naomba ofisi yenu imwandikie Asuman barua yenye muhuri ikisema kwamba wake zake wengine mia nne na kumi na mmoja ni wa hesabu tu.

4. Kuhusu kuku.

Sasa tuje kwenye kuku, maana hapa ndipo programu yenu ilipokosa adabu.

Phiona hakuja ghafla. Mwenyekiti alitutangulizia habari jana yake kwamba mgeni kutoka Arua ataingia nyumba yangu. Mgeni, Ndugu Candia, na tena wa serikali au kama wa serikali, na tena binti wa watu aliyetoka Dadamu kwao, pembeni mwa Arua, alfajiri kwa pikipiki. Sijui mama yako alikulea vipi, ila mimi sikulelewa kumpokea mtu kama huyo na ugali wa muhogo na majani ya kunde, ambavyo ndivyo tulivyokuwa tukila wiki ile, siku ambazo tulikula. Nilikuwa na kuku mmoja wa mayai, aliyebaki baada ya ugonjwa wa kideri kupita. Tukamchinja.

Phiona alipewa paja na firigisi. Mwendesha pikipiki alipata paja la pili. Mwenyekiti Yengi, aliyemsindikiza mgeni mpaka ndani na akasahau kuondoka, alikula kidari. Mabawa na mgongo walikula watoto, na mimi nikala shingo. Chakula kilifunikwa kwa kawa langu jipya jekundu, na Phiona alilisifu. Alikula vizuri, akashukuru, akanawa mikono, akafungua kibao chake, na swali lake la kwanza likawa hili: katika siku saba zilizopita, nyumba hii imekula nyama, kuku au samaki?

Ningejibu nini? Shingo ilikuwa bado kooni. Nilisema ndiyo. Kwenye kile kibao kulikuwa na ndiyo na hapana. Hakukuwa na pa kubonyeza "ndiyo, kwa sababu yako."

Akaendelea kuuliza kama kuna siku mwezi ule tulilala bila kula. Naomba ulielewe hili vizuri. Mgeni amekaa kwenye mkeka wangu, vidole vyake bado vinanukia mchuzi wangu, na anataka nimwambie kwamba nyumba aliyokula ina njaa. Huko ni kumwambia kwamba amekula chakula cha watoto. Ingekuwa aibu yangu na yeye angetapika kwa huzuni. Nilimjibu kama mama yangu angejibu: "Hapana, binti yangu. Hapa kwetu shida hapana iko."

Sikusema uongo. Nilikuwa napokea mgeni. Programu yenu ndiyo iliyomchukua kuku wangu mmoja, mkonde, wa mayai, ikamzidisha mara mia nne na kumi na mbili na kuwagawa mtaa mzima kwenye karatasi. Sasa mtaa mzima umekula kuku ambaye haukumwonja. Na katika wote hao waliomla, hakuna hata mmoja aliyepita kusema asante.

5. Kuhusu mtaa wa ng'ambo.

Sitaki nionekane mtu wa husuda. Ng'ambo ya kijito ni ndugu zetu, tunaoana na tunazikana. Lakini binti yangu Shamirah, ambaye ni mwalimu katika shule yetu, aliangalia tarehe kwenye karatasi mliyotugawia. Kwetu Phiona alikuja baada ya Idi. Kwao walikwenda katikati ya mwezi wa Ramadhani. Karibu nyumba zote za kule ni za Waislamu. Walipoulizwa kama jana walikula mchana, walisema hapana. Walipoulizwa kama na juzi, wakasema hapana. Na watu wazima wote nyumbani? Wote. Na wanatarajia kula mchana kesho? Kwa uwezo wa Mungu, hapana.

Kompyuta ikalia machozi, ikapaka mtaa wao rangi nyekundu.

Kwa hiyo wao wamepata uji kwa kufunga na sisi tumeukosa kwa kuchinja. Nauliza kwa heshima, hiyo mashine mliinunua ikiwa haijui hata mwezi wa Ramadhani? Kwenye simu ya Asuman, ambayo kioo chake kimepasuka, mwezi wa Ramadhani umo.

6. Kuhusu neno ulilomwambia Shamirah.

Hapa sitatania.

Shamirah alisimama siku ile akakwambia kwamba watoto wa shule yetu wanasinzia saa za mchana, na kwamba madaftari yao ya asubuhi na ya alasiri utadhani yameandikwa na watoto tofauti. Ulisikiliza. Ulibonyeza mashine, ukasubiri, ukamjibu kwamba umelinganisha alama za watoto wanaokula mchana na wale wasiokula, na kwamba tofauti iliyopo si ya maana kitakwimu. Ulisema una uhakika wa asilimia tisini na tano.

Ndugu Candia, hapo ndipo kikohozi kilinishika. Filda ana binti anaitwa Jenifer, yuko darasa la tatu. Kwa kuwa kwao kuna mlo mmoja na unaliwa jioni, Jenifer huenda shule na maji. Mwezi ule ule wa kuku wangu alianguka kwenye mstari wa wimbo wa taifa. Shamirah alimbeba mgongoni mpaka kwangu kwa sababu Filda alikuwa shamba, na mtoto alikuwa mwepesi kiasi kwamba Shamirah aligeuka mara mbili njiani kuangalia kama bado yupo. Nilimkorogea uji wa muhogo. Alipomaliza aliniuliza kama ninaweza kumwekea mwingine kesho, nami nikamwambia ndiyo, huku nikijua unga uliobaki. Niliumia sana na bado naumia.

Huyo ndiye ambaye si wa maana. Nimejiuliza hao watano waliobaki nje ya uhakika wako ni kina nani, na nadhani nawajua. Mmoja wao anachangia ukuta na mimi.

Ulijaribu pia kututuliza kwa kusema kwamba utafiti ni kama kuonja mchuzi, kijiko kimoja kinatosha kuijua sufuria. Nimeitwa majina mengi katika kazi yangu, lakini kijiko sikuwahi. Hata hivyo nimelikubali, kwa sharti kwamba ofisi yenu nayo ikubali kuwa kijiko hicho kilichovywa kwenye bakuli la mgeni.

Kwa hayo yote, naomba ofisi yako ifanye mojawapo ya mambo yafuatayo, na naanza na lililo rahisi.

Mfungue ile programu, mumtafute kuku wangu, mumtoe. Shamirah anasema mstari mmoja unafutika kwa kubonyeza mara moja. Kama hilo haliwezekani kwa sababu za kisayansi, basi mnipunguzie uzito nibaki mama mmoja, na kuku wangu abaki kuku mmoja, na aibu yangu ibaki ndani ya ua wangu. Kama nalo haliwezekani, basi ripoti yenu ifanywe ya kweli: mtuletee kuku mia nne na kumi na mmoja, wa mayai, waliochanjwa kideri, tuwagawe nyumba kwa nyumba. Hapo rangi ya kijani mtakuwa mmeipaka kwa haki na mimi nitakuwa wa kwanza kupiga vigelegele.

Na mkishindwa yote, mlete kompyuta yenyewe ikae kwangu wiki moja. Nitaitandikia mkeka mahali pazuri. Itakula tunachokula, saa tunayokula, na siku ambayo hatuli itakaa na njaa kama sisi. Asubuhi Shamirah ataipeleka shule aiweke kwenye dawati la Jenifer. Ikifika mchana tuone kama itafanya hesabu.

Lakini ombi langu kubwa, ambalo ukilitimiza nitayasamehe mengine, ni kwamba uje wewe mwenyewe. Usimtume Phiona, ambaye ni binti mwenye adabu na hana kosa. Usije na kibao. Usimtangulizie Mwenyekiti habari. Ingia tu kwa nyuma, kupitia kwenye lile shimo la taka, uende moja kwa moja jikoni, ufunue sufuria. Usiniulize chochote, maana ukiniuliza nitakujibu. Tazama, kisha uende kwa Filda utazame na ya kwake. Data yote utakayoihitaji imo humo, na haihitaji programu. Nakuomba ufanye hivyo kabla muhula haujaanza, ili uji usipite njia panda bila mtu wa kuuelekeza.

Nimesema kwa ukali mahali pengine, lakini sina kinyongo. Najua kazi yako ni ngumu na kwamba kuhesabu watu wote wa mkoa huu wa West Nile si kazi ya mchezo. Nisalimie mkeo, watoto, na wazee wa nyumbani. Nisalimie Phiona na umwambie kawa jekundu nimemwekea. Asuman anakusalimu, ingawa hakuniruhusu kuandika alivyosema. Filda anakusalimu kwa jina lake mwenyewe na si ndani ya mtu. Wanawake mia nne na kumi na mmoja wanakusalimu pia, popote walipo.

Ni mimi mwenye uzito,

Kadijah Tahiru

Tena: Nilikuwa nimekwisha kuibandika bahasha, nimelazimika kuifungua. Phiona amempigia simu Shamirah sasa hivi. Kumbe Mwenyekiti Yengi alifika Arua kwa shughuli zake, akakusimulia malalamiko yangu, na wewe umeamua kuja mwenyewe Alhamisi kuona hali ya chakula mtaani, ukianzia kwangu, na wenzako watatu wa ofisini. Mungu akubariki kwa moyo huo. Barua hii nitakukabidhi mkononi ukishanawa.

Nimemwagiza Phiona awaambie msile njiani. Filda amenipa jogoo wake. Nilikataa, kwa kuwa ndiye pekee aliyebaki kwake, lakini alisema, "Mugeni ni mugeni, tutaona mbele," na hivi ninavyoandika Jenifer anamkimbiza uani. Amekwisha kukaa chini mara mbili kupumzika, ila atamkamata. Unga nimekopa kwa jirani wa tatu. Firigisi ni yako. Kupita kwa nyuma si heshima kwa mtu wa cheo chako, kwa hiyo nimemwagiza pia akupitishe mbele, mkeka utakuwa umetandikwa.

Na yale maswali ya kwenye kibao, kama mtakuja nacho, yasikupe wasiwasi. Jibu langu unalo tayari: hapa kwetu shida hapana iko.

K.T.